Moshi Una Umri Wake

Wakati wa mapumziko ya chai ya saa nne, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mandazi nje ya ukumbi wa kongamano la tabianchi nililokuwa nikilitafsiri, mama mmoja mzee alinishika mkono na kuniuliza kama ni mimi niliyekuwa nikizungumza masikioni mwake tangu asubuhi. Nilimwambia kwamba ni mimi. Vipokea sauti alivyopewa mlangoni vilikuwa vingali shingoni mwake, na waya wake ameuzungusha kidoleni mara tatu au nne, kama mtu anayeogopa kupoteza kitu cha wenyewe.

"Mjukuu wangu, leo umenitua mzigo," akasema. "Kumbe ni jua. Kumbe si sisi."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba tangu mafuriko ya mwaka 2024 yachukue nyumba yake kando ya Mto Mathare, kila semina aliyoalikwa wamekuwa wakiambiwa waache kutumia makaa na waache kukata miti, kwa maana hayo ndiyo yameiharibu mvua. Kila alipowasha jiko alijiona kama mtu aliyejiletea msiba mwenyewe. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, mtu alikuwa amemwambia kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba yeye hana hatia.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilimshukuru, kwa kuwa ndivyo mtu afanyavyo anaposhukuriwa, nikachukua chai yangu na kurudi kazini. Wiki sita zimepita, na sijapata usiku hata mmoja ambao maneno hayo hayakunirudia kabla ya usingizi.

Nafsi ya kwanza

Kongamano lilikuwa la siku moja, katika ukumbi mmoja wa Upper Hill, Nairobi, na mada yake ilikuwa swali ambalo wengi wetu tulidhani limekwisha kujibiwa: mabadiliko ya tabianchi yanasababishwa na nini? Waandaaji waliwaalika watoa mada wenye misimamo inayopingana, na wakawaleta pia wawakilishi wa wakazi wa Mathare, Mukuru na Kibera, pamoja na wakulima wachache kutoka Kitui na Machakos. Kwa ajili ya hao ndipo mimi na mwenzangu tulipoajiriwa, kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili.

Ukalimani una sheria moja ambayo watu wa nje huishangaa. Mkalimani hasemi, "mzungumzaji anasema kwamba haamini." Husema, "mimi siamini." Mzungumzaji akikasirika, sauti ya mkalimani hukasirika naye, akituliza, naye hutuliza. Anayesikiliza akisahau kabisa kwamba kuna mtu wa kati, kazi imefanywa vizuri.

Mtoa mada wa pili alikuwa mhandisi mstaafu kutoka ng'ambo, mtu mpole mwenye kuzungumza taratibu, wala hakumtukana yeyote. Hoja zake zilikuwa zile ambazo nimezitafsiri mara nyingi: kwamba hali ya hewa ya dunia imekuwa ikibadilika tangu kale, enzi za barafu zikija na kuondoka kabla ya kiwanda cha kwanza kujengwa, kwamba jua lina vipindi vyake, kwamba volkano hutoa gesi kuliko sisi, na kwamba barafu ya Kilimanjaro, ambayo tuliambiwa itakuwa imekwisha kufikia mwaka 2020, bado ipo. Mwenzangu alikuwa akiniandikia tarakimu kwenye karatasi iliyokuwa kati yetu, kama tunavyosaidiana siku zote, kwa sababu tarakimu ndizo huponyoka kwanza. Kwa dakika 25 nilikuwa yule mhandisi.

Alipofika mwisho alisema, kwa Kiingereza kikavu cha watu wa vipimo, kwamba binadamu hukadiria mno uwezo wake wa kuibadilisha dunia. Mimi nikasema: "Ni kiburi kwa kiumbe kujidhania Muumba."

Kupitia kioo cha kibanda chetu cha wakalimani niliona vichwa kadhaa vikitikiswa kwa kukubali.

Hapo ndipo penye kidonda changu. Wazo lilikuwa lake, lakini ule uzito wa mimbarini, ule uliomfanya mama mzee atue mzigo wake, niliuongeza mimi. Niliipenda sentensi ile ilipokuwa ikitoka. Nilifurahi kwamba nimepata Kiswahili kizuri kuliko Kiingereza nilichokuwa nikikisikia, na sikujiuliza hata kidogo kile kizuri kilikuwa kikimbeba nani na kumpeleka wapi.

Jambo moja alilosema lilikuwa kweli

Niliporudi nyumbani nilianza kuyapitia madai yote yaliyopita kinywani mwangu siku ile, moja baada ya jingine, nikianza na lile la Kilimanjaro kwa sababu nilikuwa nimelitafsiri nikiwa na hakika moyoni kwamba ni uongo.

Halikuwa uongo. Mwaka 2002 watafiti waliochimba barafu ya kilele hicho walichapisha matokeo yao: kati ya 1912 na 2000 eneo la barafu lilikuwa limepungua kwa takriban asilimia 80, na kwa kasi hiyo walikadiria kwamba itakuwa imekwisha kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2020 ulipita, na barafu, ingawa imezidi kupungua, bado ipo. Tena wanasayansi wengine walionyesha kwamba kurudi nyuma kwa barafu hiyo kulianza mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipogeuka kuwa kavu, na kwamba kule juu, ambako hewa hukaa chini ya nyuzi sifuri, barafu huliwa zaidi na jua kali na ukavu, huku theluji mpya ikiwa haitoshi kuziba pengo.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa nikiwa sina raha. Nimetafsiri semina zisizo na idadi ambamo picha mbili za Kilimanjaro, ya zamani na ya sasa, zimewekwa ukutani kama ushahidi unaojitosheleza, na kila mara niliongeza msisitizo wangu. Kama ushahidi niliouamini kuliko wote ulikuwa na kasoro kiasi hicho, ni nini kingine nilichokuwa nimekibeba bila kukifungua?

Sitaficha kwamba kwa siku mbili au tatu nilidhani huenda mhandisi yule ana haki katika yote.

Madai yake mengine, hata hivyo, hayakustahimili kuguswa. Nguvu ya jua imekuwa ikipimwa na setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Hupanda na kushuka kidogo katika mzunguko wa miaka 11 hivi, lakini haikuongezeka katika miongo hii ambayo dunia imepata joto. Na kuna jambo ambalo lilinifanya nisimame na kutembea chumbani: tabaka la chini la angahewa limekuwa likipata joto wakati tabaka la juu yake, stratosfia, limekuwa likipoa. Kama jua ndilo lililozidisha makali, matabaka yote mawili yangepata joto pamoja. Sehemu ya kupoa huko inatokana na kuharibika kwa ozoni, lakini hesabu haikamiliki bila gesi zinazonasa joto huku chini na kuzidi kuitoa nishati kule juu. Volkano zote za dunia kwa mwaka hutoa chini ya asilimia 1 ya kaboni dioksidi inayotolewa na binadamu, na ilipolipuka Pinatubo nchini Ufilipino mwaka 1991, vumbi na gesi zake ziliipoza dunia kwa takriban nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili. Enzi za barafu nazo zilifuata mabadiliko ya mzunguko wa dunia kulizunguka jua ambayo huchukua makumi ya maelfu ya miaka, ilhali joto tunalolizungumzia limeingia ndani ya umri wa bibi na mjukuu wake.

Alikuwa na haki juu ya mlima mmoja. Kutoka kwenye mlima huo aliruka hadi dunia nzima, na mimi niliruka naye.

Ngazi ya maneno

Kazi yangu imenifundisha kuvisikiliza vivumishi na vielezi, kwa hiyo nilirudi kwenye ripoti za Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, na kuzisoma kama anavyosoma mtu wa lugha. Jopo hilo liliundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambayo makao yake makuu yako hapa kwetu Gigiri. Ripoti yake ya kwanza, ya 1990, haikuthubutu kusema kwamba joto lililokwisha kuonekana linatokana na binadamu.

Mwaka 1995, mjini Madrid, wajumbe walibishana kwa muda mrefu juu ya neno moja tu: ushawishi wa binadamu kwa tabianchi uitwe wa namna gani? Wajumbe wa Saudi Arabia na Kuwait walitaka lugha iwe dhaifu zaidi. Neno lililoshinda ningelitafsiri kuwa "unaotambulika". Mwaka 2001 ripoti ilisema sehemu kubwa ya joto la miaka 50 iliyotangulia "yaelekea" ilitokana na gesijoto. Mwaka 2007 ikawa "yaelekea sana", na wakaeleza kwamba wanamaanisha uwezekano wa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2013 ikawa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2021 waliacha kukadiria uwezekano na kusema kwamba hakuna shaka yoyote kuwa binadamu ndiye aliyeipasha joto anga, bahari na nchi kavu.

Miaka 26 kutoka "unaotambulika" hadi "hakuna shaka". Watu wanaotunga uongo huanza na hakika siku ya kwanza. Hawapandi ngazi polepole hivyo, kipandio kwa kipandio, wakibishana juu ya kila kimoja. Nilipoiona ngazi hiyo, ile hofu iliyoniingia baada ya Kilimanjaro ilianza kupungua.

Novemba 2006, mkutano mkuu wa 12 wa nchi zilizotia saini mkataba wa tabianchi ulipofanyika hapa Nairobi, Kofi Annan aliwaambia waliokuwa wakiendelea kukana kwamba wamepitwa, wameishiwa na hoja na wanakaribia kuishiwa na muda. Nimefikiri sana juu ya hotuba hiyo. Alikuwa na haki kuhusu hoja. Lakini hoja ambayo mwenyewe ameiishiwa inaweza bado kumfaa mtu mwingine kwa haja isiyo ya kisayansi, na mama mzee wa Mathare hakuikumbatia ya mhandisi kwa sababu ya vipimo vya jua. Aliikumbatia kwa sababu ilimtoa kizimbani.

Nani alikuwa amempandisha kizimbani?

Moshi wa kale

Kuna kipimo kimoja ambacho tangu nikielewe sijaacha kumweleza kila anayekubali kuketi nami.

Mti ulio hai huvuta hewa, na ndani ya hewa hiyo mna kiasi kidogo mno cha kaboni-14, aina ya kaboni inayozaliwa angani kutokana na miale itokayo mbali nje ya dunia. Mti ukifa hauvuti tena, na kaboni-14 iliyomo huanza kupungua: baada ya miaka 5,730 hivi hubaki nusu, baada ya mingine kama hiyo hubaki nusu ya nusu. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni mabaki ya viumbe waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, na kaboni-14 yao imekwisha kabisa. Yanapochomwa, moshi wake huingia hewani ukiwa mtupu wa kitu hicho, na hewa ya dunia nzima huwa kama maziwa yaliyotiwa maji: ujazo unaongezeka, lakini kile kilichomo ndani kinafifia. Mwaka 1955 mwanakemia Hans Suess alionyesha kufifia huko katika mbao za miti iliyokua karne ya 20. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliivuruga hesabu hiyo kwa muda, kwa kuwa yaliongeza kaboni-14 nyingi hewani, lakini wanaopima wanajua kuzitenganisha.

Charles Keeling alipoanza kupima hewa juu ya Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, kaboni dioksidi ilikuwa takriban sehemu 315 kwa kila milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Leo imepita 420. Na nyongeza hiyo kwa sehemu yake kubwa haina kaboni-14. Imetoka kwa wafu wa kale.

Sasa lichukue jiko la yule mama. Makaa yake yametokana na mti uliokuwa ukivuta hewa labda miaka 20 iliyopita, na moshi wake una kaboni-14 karibu yote. Ungeupeleka maabara, ukauweka kando ya moshi wa mtambo wa umeme unaochoma makaa ya mawe, vipimo vingekuonyesha bila kumuuliza mtu yeyote upi ni upi.

Moshi una umri.

Sisemi kwamba jiko lake halina hesabu. Mti uliokatwa bila mwingine kuota mahali pake huacha kaboni yake hewani, na ukataji misitu pamoja na matumizi mengine ya ardhi duniani kote huchangia takriban sehemu moja kwa kumi ya kaboni dioksidi inayotolewa na binadamu siku hizi. Moshi huo humwumiza kifua yeye mwenyewe na watoto wanaolala chumba kimoja naye, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kumtafutia moto mwingine. Mimi nami nilikwenda kwenye kongamano lile kwa matatu ya dizeli, kwa hiyo moshi wangu wa asubuhi ile ulikuwa wa kale kuliko wake. Lakini ukijumlisha kaboni dioksidi yote iliyotolewa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu viwanda vianze, Marekani peke yake ina karibu robo, nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Uingereza zinafuata kwa karibu, na Afrika nzima, kutoka Cairo hadi Cape Town, ina takriban asilimia 3. Umeme wa Kenya kwa kiasi cha asilimia 90 hivi hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria na maeneo jirani, kwenye mabwawa, upepo na jua.

Shughuli za binadamu

Katika Kiswahili tunayo kauli moja iliyozoeleka mno katika mada hii, na nimeitamka kibandani labda mara elfu: "shughuli za binadamu". Mabadiliko ya tabianchi yanasababishwa na shughuli za binadamu. Kisayansi kauli hiyo ni sahihi, na nimeeleza hapo juu kwa nini nimeirudia kwa imani kamili baada ya siku chache za kuyumba.

Lakini iweke sikioni mwa mtu wa Mathare. "Binadamu" ni nani kwake? Ni mtu. Ni yeye, na jirani yake, na kijana anayesukuma mkokoteni wa makaa. Na "shughuli" ni nini? Ni zile anazoziona: kupika, kukata kuni, kutupa taka mtoni. Hakuna mtu katika semina zile aliyemwambia uongo. Walimwambia neno moja pana, na yeye akalijaza kwa vitu alivyokuwa navyo, kwa sababu neno lisilotaja mtu humwangukia aliye karibu.

Tena wapo wawezeshaji wanaomsaidia kulijaza hivyo. Nimekaa kwenye kibanda na kutafsiri vipindi vizima juu ya majiko bora na upandaji miti ambamo makaa ya mawe hayakutajwa hata mara moja. Sikuwahi kuliona hilo kuwa pengo. Niliona ni kurahisisha mambo kwa ajili ya hadhira.

Kwa hiyo mhandisi aliposimama na kusema si binadamu, alikuwa anajibu shtaka ambalo sisi ndio tulioliandika vibaya. Ukanaji wake ulikuwa wa kwanza kumpa yule mama haki yake, ingawa aliutoa kwa sababu zisizo za kweli. Sijui kama nimewahi kukutana na jambo lililonisumbua kuliko hilo: kwamba mtu anaweza kudanganywa akaelekea kwenye ukweli mmoja ambao wasema kweli walimnyima.

Maji ya Aprili

Upande mwingine wa jambo hili niliuona polepole zaidi. Neno "tabianchi" nalo limekuwa mahali pa kujificha.

Ukame wa 2020 hadi 2022, ambao misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, ulichunguzwa na wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, wakakuta kwamba joto lililoletwa na binadamu lilikuwa limeongeza uwezekano wa ukame wa aina hiyo angalau mara 100. Kundi hilohilo lilipoichunguza mvua ya masika ya 2024, lilikuta kwamba joto hilo liliiongeza makali kwa takriban asilimia 5 tu, tena kwa tahadhari. Mkono ni uleule, lakini uzito wake si sawa katika misiba yote, na mwenye kusema ukweli hana budi kuzitaja tarakimu zote mbili.

Basi maji yaliyoipeleka nyumba ya yule mama, mengi yake yangekuja hata bila ule moshi wa kale. Yaliyoyageuza kuwa kifo ni mitaro iliyoziba, mabonde yaliyojazwa majengo na watu waliosukumwa hadi ukingoni kabisa kwa kuwa hapo ndipo walipoweza kumudu kodi. Baada ya maji kupungua, serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 za mto waondoke, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Katika mikutano iliyofuata nilitafsiri hotuba kadhaa za wenye madaraka zilizotaja tabianchi mara kwa mara na mitaro mara chache.

Mmoja anasema ni jua ili wenye viwanda wasiulizwe. Mwingine anasema ni tabianchi ili mtaro usiulizwe. Katikati yao amesimama mama mwenye jiko la makaa, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akijiuliza kwa dhati kama ana kosa.

Swali la Shosho

Majuma mawili yaliyopita nilimtafuta. Mmoja wa wahamasishaji waliomleta kongamanoni alinipa njia ya kumfikia, na Jumamosi nikaenda Mathare nikiwa na sukari na majani chai, kwa sababu kwa mzee haiendwi mikono mitupu. Sasa anaishi katika chumba cha kupanga, juu kidogo kutoka mtoni. Nilimkuta mlangoni akiwasha jiko, akilipepea kwa kipande cha katoni, makaa machache yameshika upande mmoja tu na mengine bado meusi.

"Shosho," nikamwambia baada ya salamu, kama tunavyowaita bibi zetu, "yale niliyokuambia masikioni siku ile hayakuwa maneno yangu."

"Yalikuwa ya nani, na mdomo ni wako?"

Nilimweleza kazi yangu ilivyo. Nilimweleza kuhusu jua, na kwamba limepimwa. Halafu nikamweleza kuhusu moshi na umri wake, kwa mfano ule wa maziwa yaliyotiwa maji, ambao aliuelewa kabla sijaumaliza kwa sababu aliwahi kuuza maziwa. Hakuniingilia. Aliendelea kupepea hadi moto ukashika upande wa pili.

"Kwa hiyo ni watu," akasema.

"Ni watu, Shosho. Lakini si kwa kiasi sawa."

"Na hili langu?"

"Lina lake dogo. Na moshi wake si mzuri kwa kifua chako. Lakini si hili lililoijaza anga."

Alinyamaza kwa muda, akaweka sufuria. Kisha akaniuliza kama wenye ule moshi wa zamani walikuwapo ukumbini siku ile. Nilijaribu kuikumbuka orodha ya washiriki, nikamwambia kwamba sikumbuki hata mmoja.

"Mimi nilinyoosha mkono," akasema. "Baada ya yule mzee wa jua. Kijana wa kipaza sauti akaniambia maswali ni ya Kiingereza."

Mkono huo niliuona. Niliuona kupitia kioo, nikadhani anaomba maji. Mkataba wetu ulikuwa wa upande mmoja, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Hakuna aliyelipwa kuyapeleka maneno upande wa pili, na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini.

"Ulitaka kuuliza nini, Shosho?"

"Nilitaka kuuliza, kama si sisi, nyumba yangu nimdai nani."

Jioni ileile nililitafsiri swali hilo kwa Kiingereza, kwa nafsi ya kwanza kama sheria inavyotaka, bila kuongeza neno hata moja, nikalituma kwa waandaaji na kuwaomba wawafikishie watoa mada wote, mhandisi pamoja na wale waliompinga. Wiki ya pili inakwisha leo, na jibu halijaja. Kesho ni Jumamosi. Nitapanda kwenda Mathare nikamwambie hivyo.